Chupa ya Chumvi Niliyoipeleka Siongiroi

Niliondoka nyumbani Sigowet nikiwa na hasira. Binti yangu Chelangat, aliyeolewa Siongiroi, alinipigia simu: mnunuzi anayekuja na lori amekataa mahindi yake tena, eti yana maji. Mahindi aliyoyaanika mpaka yakalia kama kokoto! Na ghala lake linavuja, mvua imekaribia.

Shuleni tulifundishwa kipimo cha chumvi: tia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa ya kioo, utikise. Chumvi ikishika kioo, kuna unyevu. Nikasuuza chupa haraka, nikafunga chumvi ya jikoni kwenye karatasi.

Kutoka Kericho hadi Litein ukungu ulilalia mashamba ya chai. Kupita Sotik, chai ikaisha, jua likawaka. Njia nzima nilitunga maneno ya kumwambia yule mwizi.

Adhuhuri, Siongiroi. Majirani walikuwa wamepanga magunia kando ya lori. Mnunuzi alichomeka mashine yake ya kupima unyevu kwenye gunia la Chelangat, akaisoma huku ameifunika kwa kiganja.

"Hii iko na maji. Chukua bei ya maji ama urudishe nyumbani."

"Tuonyeshe hiyo namba!" nikafoka.

"Utaisoma na macho gani, mzee?"

Watu wakacheka. Nikainua chupa yangu. "Leo mtajua ukweli!" Nikatia mahindi ya Chelangat, nikatikisa mbele ya wote.

Chumvi ikagandia kioo kizima.

"Woi, mzee! Hata chupa yako imekukana!" mnunuzi akasema.

Majirani walitazamana, kisha mmoja mmoja wakakubali bei ya maji, ile ya chini. Chelangat alikataa. Alipitisha kidole ndani ya chupa.

"Baba, hii ulikausha?"

"Niliisuuza tu." Akakimbia nyumbani, akakaanga chumvi ikauke, akachukua chupa nyingine kavu. Safari hii chumvi ilizunguka kama mchanga, kioo kikabaki safi. Lakini lori lilikuwa limekwenda.

Jioni Mama Kiprono, mmoja wa majirani waliokubali bei ya maji, alileta punje zilizobaki ghalani kwake. Tukatikisa. Kavu.

"Kumbe yangu pia," akasema, bila kunitazama.

Nilimwomba msamaha. Yule mnunuzi ni mwizi, na nasema hivyo hadi leo. Ila siku hiyo hakuhitaji hila yoyote. Niliyembebea hila kutoka Sigowet ni mimi.

Kesho yake nilipanda juu ya ghala, nikaziba paa, mahindi yapate kungoja mnunuzi mwingine. Nilipokuwa nikiaga, chupa yangu ilikuwa imefudikizwa kando ya meko, ikikauka.

"Lori likirudi, Baba," Chelangat akasema, "wewe ushike chupa. Kelele utuachie sisi."