Kisutu Begani mwa Mzee Nyuzi

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini siku hiyo, jibu ni chai ya tangawizi. Na waliokuwepo uani kwetu Mtawanya walikuwa wengi, wakubwa kwa watoto, kawaulize. Hili sikuhadithiwa. Nililiona kwa macho yangu haya, nimesimama pembeni ya projekta niliyoifunga mwenyewe.

Kazi yangu ni kukodisha muziki kwenye shughuli: spika, maiki, taa, na siku hizi projekta. Ukiniambia jini kaingia kwenye spika, nitakwambia kaza hiyo waya kwanza. Ndiyo maana nakuomba unisikilize mpaka mwisho.

Baba yangu alikuwa mpiga gita, watu wakamwita Mzee Nyuzi mpaka jina lake wakalisahau. Ujanani alikuwa mtu wa roki, na suruali yake ya bugaluu na nywele zimetimka. Alipozeeka akahamia kwenye zilipendwa, lakini gita halikuacha kulia kwa ukali ule ule. Mama, Bi Somoe wa Mikindani, alikuwa hakosi onyesho lake. Na kila onyesho, ukifika wimbo wa mwisho, ule wa mapenzi ambao hata wewe unaujua, mama anainuka polepole, anakwenda jukwaani, anamtunza. Wengine wanabandika noti kwenye paji la uso. Mama anaweka khanga begani. Baba anashusha bega la kushoto, maana yeye mrefu na mama mfupi kama mimi, anapokea, ndipo anaimba ubeti wa mwisho na kulitaja jina: Somoe. Si unawajua wanamuziki wa dansi? Ukimtunza lazima akutaje.

Sasa, muda mfupi kabla hajafariki, vijana fulani wa Dar es Salaam wakamwita wakarekodi onyesho zima la zilipendwa, kamera huku na huku, litoke kama filamu. Mama presha ilikuwa imempanda, hakwenda. Baba akaenda peke yake, akarudi, akasema tu, "Ilikuwa nzuri, ila sikuimaliza vizuri." Hatukumuuliza zaidi. Haukupita muda akafia usingizini.

Filamu ikatoka mama yuko ndani ya eda. Hakuiona, lakini maneno yalimfikia. Kile kipande cha mwisho kilizunguka kwenye simu za watu: baba anafika kwenye wimbo wa mama, anapiga, anapiga, anarudia pale pale kabla ya ubeti wa mwisho, anaangalia pembeni, wenzake jukwaani wanatazamana. Mwisho anainamisha kichwa, anakata. Watu wakaandika kwamba mzee kasahau wimbo. Wakacheka weee!

Mama hakucheka. Aliacha kula. Unampelekea ugali na samaki, anamega matonge mawili, anasukuma sahani. Siku moja akaniambia, "Kama kichwa kilikuwa kinampotea, nitasema ugonjwa. Lakini kama alikuwa na akili zake, mwanangu, mbona hakunitaja?"

Niliondoka nikajifanya natafuta koleo.

Eda ilipoisha tulisoma hitma asubuhi, ubwabwa ukaliwa, mashehe wakaondoka na dua zao. Sikuwa mjinga wa kuwasha gita mbele yao. Jioni mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Funga hiyo projekta yako. Nataka nimwone." Nikatundika shuka nyeupe kwenye kamba ya kuanikia nguo, na giza lilipoanza kushika nikachomeka flashi yenye filamu, nikawasha.

Sisi filamu hatuiangalii kimya, unatujua. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuja kutoka Kitaya na tenga la samaki wakavu, alikuwa anamjibu kila wimbo: "Haya kaka, wape! Wape hao!" Vigelegele, watoto wanacheza mbele ya shuka, majirani wamejaa getini. Mama kakaa kwenye mkeka, kifurushi mapajani.

Ukafika wimbo ule. Baba akaanza kurudia pale pale, anaangalia pembeni, anarudia tena. Wallahi roho iliniuma, mkono ulishafika kwenye swichi nizime. Mara mama akainuka. Akafungua kile kifurushi, akatoa khanga, kisutu kipya chekundu, kipande kimoja cha doti. Akaanza kutembea kuelekea kwenye shuka.

Kuna mtu alicheka. Shangazi akamgeukia: "Hebu muache! Mtu anamtunza mumewe, wewe kinakuwasha nini?"

Mama akafika, kivuli chake kikaangukia kwenye shuka, akanyoosha mikono juu. Na baba, niamini au usiniamini, akageuka upande wa mama, akashusha bega la kushoto. Mama akakiachia kisutu. Hakikuanguka chini. Kilikuwa begani kwa baba, mle mle ndani ya filamu, chekundu vile vile. Utasema kivuli. Jamani, kivuli nakijua mimi, kivuli hakina rangi! Baba akacheka, pengo lake nje, akasogelea maiki.

"Somoe," akasema, "umechelewa."

Halafu akauimba ubeti wote mpaka mwisho, na jina akalitaja tena na tena kama zamani.

Hakuna aliyepiga makofi. Shangazi alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Mimi nywele zilinisimama na huku nalia, na katikati ya woga ule nilisikia raha ambayo hata kuieleza siwezi. Nilimulika tochi chini ya shuka, nyuma ya shuka, mpaka bandani kwa kuku. Kisutu hakuna. Mama alirudi mikono mitupu, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Kumbe alikuwa ananisubiri." Kisha akauliza, "Ubwabwa umebaki?" Akala sahani nzima, akaomba nyongeza.

Flashi ile ninayo mpaka leo. Watu wamekuja kunakili, na kwao baba bado anarudia pale pale, bega tupu. Kwenye yetu tu ndipo ana kisutu. Mama huiangalia Ijumaa baada ya alasiri, kajifunga kile kipande cha pili cha doti. Amenenepa, na utani wake umerudi, hasa kwa shangazi.

Basi na wewe, ukikaa siku moja kumwangalia mzee aliyekwishatangulia anaimba, ukamwona kakwama, usikimbilie kuandika kwamba kasahau. Tazama kule anakotazama. Ukimjua anayesubiriwa, kamwite upesi. Ila usitoe kitu ambacho kesho utakitaka, maana hakirudi, nimekitafuta mimi. Juzi nilitaka kumnunulia mama doti nyingine, kwa kuwa kipande alichobaki nacho kimeanza kupauka. Akakataa.

"Hiki nitampelekea mwenyewe," akaniambia, anakunja khanga yake anacheka. "Asinihimize tu."