Daktari Amesema

Katika mtaa wetu wa Tena, yeyote anayesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa akiwa na koti jeupe huitwa daktari. Hatumuulizi alisomea wapi. Tunamweleza panapouma, anatupa vidonge, tunasema asante daktari, tunaenda zetu. Nami nilikuwa hivyo hivyo, tena mbishi wa kupindukia, na kila nilipobanwa sikukosa mkubwa wa kumtaja: pasta amesema, wakili mmoja ameniambia. Watu wakinyamaza, nilijua nimeshinda.

Mama alikuwa akimeza dawa za presha kila asubuhi kwa miaka mingi. Mwaka juzi miguu ilianza kumvimba, akazichukia. Siku moja nilipokwenda kununua dawa ya kichwa, nilimuuliza yule wa koti jeupe kama mtu wa presha anaweza kupumzika dawa. Akajibu bila kuinua macho kwamba presha ikishatulia, anaweza kupumzika kidogo. Hakuuliza mgonjwa ni nani.

Jumapili, baada ya kanisa, dada yangu mdogo alikuja kututembelea kutoka mtaa wa Komarock. Yeye hushona sare za shule na masomo yake yaliishia darasa la nane. Mimi digrii yangu imetundikwa ukutani kwa Mama, kwenye fremu. Tukiwa tunakula chapati kwa ndengu, nilisema, "Mathe, pumzika hizo dawa. Daktari amesema."

"Daktari mgani?" dada akauliza. "Kwani amempima?"

"Ni daktari. Wewe ulisomea udaktari wapi?"

Alinawa mikono, akaingia chumbani, akarudi na kitabu cha kliniki cha Mama, daftari la kawaida ambalo Mama alikuwa amelifunika kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Alilifungua mezani akaweka kidole. Muuguzi, kama nilivyokuja kuona baadaye, alikuwa ameandika kwamba mgonjwa asiache dawa hata miguu ikivimba, arudi kliniki abadilishiwe. Tarehe ilikuwepo, sahihi ilikuwepo, na kipimo cha siku hiyo kilikuwa pembeni.

"Usiniamini mimi, brathe," akasema. "Soma."

Sikusoma. Nililisukuma lile daftari kwa mgongo wa mkono, likakaribia kuingia kwenye ndengu, nikasema sitafundishwa kazi ya hospitali na mshona sare. Naandika haya kwa aibu. Dada alikuwa amenionyesha mahali pa kwenda kujionea mwenyewe, na kama angekuwa amekosea ningeliona kosa lake hapo hapo. Mimi nilikuwa nimeleta cheo tu, tena cha mtu nisiyemjua, ili anyamaze. Alinyamaza kweli, akamuaga Mama kabla ya chai.

Mama alitutazama sote wawili, kisha akafunga kikopo cha dawa zake na kukiweka juu ya kabati.

Wiki tatu baadaye alianguka akianika nguo. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, mdomo ukapinda. Alipokuwa amelazwa nilikwenda kwenye lile duka nikiwa nimepandwa na hasira. Yule bwana aliniambia kwa upole kwamba yeye humsaidia shemeji yake kuuza, na koti ni la kuzuia vumbi.

Siku ya tatu wodini, daktari, safari hii daktari wa kweli, alisimama kando ya kitanda na faili, akauliza ni nani aliyemwambia Mama aache dawa. Nilifungua mdomo nimtaje yule wa dukani. Mama alinitangulia.

"Kijana yangu," alisema, maneno yakimtoka kwa shida.

Daktari hakusikia vizuri. Mama akarudia polepole, akininyooshea mkono ule uliobaki mzima, na wala hakuwa ananishtaki. Nililiona jicho lake. Alikuwa anajivunia.

"Ni kijana yangu aliniambia. Huyu. Amesoma sana."

Daktari hakunitazama. Aliandika kwamba mgonjwa aliacha dawa kwa kuambiwa na mwanawe, akaweka tarehe, akatia sahihi, akaacha faili wazi miguuni pa kitanda. Dada alikuwa amesimama kando yangu.

Safari hii nilisoma, neno kwa neno.