Mkanda wa Jeshi Tuliouficha

Mama yangu alipopata mkanda wa jeshi, malengelenge yalimtoka mgongoni yakazunguka ubavu hadi chini ya titi la kushoto. Kwetu Mghange watu husema mambo mawili juu ya ugonjwa huo: kwamba ncha zake zikikutana unakufa, na kwamba aliyeupata ana virusi vya ukimwi. La kwanza mama alilicheka. La pili lilimfunga mdomo, kwa kuwa alikuwa mjane na kiongozi wa akina mama kanisani.

Nilipanda mlima kutoka Voi kwenda kumuuguza, nami nikamsaidia kuficha. Wenzake walipouliza mbona haonekani, nikawaambia ameumia mgongo shambani. Laiti ningejua. Jumamosi wakaja kumwombea, na kwetu mgonjwa huombewa kwa kuwekewa mikono pale panapouma. Wanawake saba wakamwekea mikono mgongoni, juu ya malengelenge, wakaomba kwa nguvu zao zote. Mama aliuma leso, machozi yakamtiririka, nao wakasema Roho ameshuka. Mimi, mwalimu niliyewafundisha watoto miaka nenda miaka rudi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, niliitikia amina.

Vidonda vilipona. Miaka michache baadaye alianza kusahau: sufuria mekoni, siku ya ibada, hatimaye mimi. Nikimpa uji alinishukuru na kuniita mgeni mwema. Sitasema mkanda wa jeshi ndio uliomla akili. Hakuna daktari aliyeniambia hivyo, na wazee wengi husahau bila kuugua ugonjwa ule. Lakini tangu hapo, nikitafuta miwani kumbe nimeivaa, moyo hunienda mbio.

Binti yangu ni muuguzi Mombasa. Mwaka jana alinieleza, kwa subira ambayo hakuirithi kwangu, kwamba virusi vya tetekuwanga niliyougua utotoni bado vimelala kwenye mishipa yangu ya fahamu. Kinga ya mwili ikichoka kwa uzee, huamka na kuwa mkanda wa jeshi. Ipo chanjo ya kuitia kinga nguvu mapema. Na sasa watafiti wanaona kwamba huenda waliochanjwa hawapatwi sana na ugonjwa wa kusahau kama wale ambao hawakuchanjwa. Neno huenda alilirudia mara tatu, akijua nitalisahau makusudi.

Nilikubali papo hapo, kwa sharti moja: nichanjiwe Mombasa, ambako hakuna anayenijua. Nilikuwa nimeshaulizia nauli ya treni.

"Mama," akasema kwenye simu, "nilikuwepo siku nyanya alipokuita mgeni. Mimi sitaki kuwa mgeni."

Akapanga chanjo iletwe kliniki moja hapa Voi, nami siku hiyo nikakaa kwenye benchi karibu na mama mmoja tunayeimba naye kwaya. Muuguzi akatoka na kuuliza kwa sauti ya sokoni, sindano ya mkanda wa jeshi ni ya nani. Nilitazama viatu vyangu kwa muda mrefu.

"Ni yangu," nikasema.

Yule mama akageuka, nami nikajiandaa kukaguliwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Akaniuliza kama inauma, na kama yeye pia anaweza kuandikiwa, maana dada yake ameanza kupotea njia ya kwenda kwake mwenyewe.

Mkono ulivimba, homa ikanilaza siku mbili, nikanung'unika hadi binti yangu akanikatia simu. Hata hivyo nashukuru. Nawashukuru watu nisiowajua waliohangaika maabara kwa ajili ya wazee kama mimi, na zaidi namshukuru mtoto wangu kwa kunisema. Sijui kama sindano itanilindia akili. Ila nikija kumsahau mwanangu siku moja, haitakuwa kwa sababu niliona haya kusema maneno mawili kwenye benchi.