Divai ya Baba Mkwe

Kwa habari ya divai ile sina wa kumlaumu ila baba mdogo. Yeye ndiye aliyenipigia simu kutoka Buffalo, mwaka ule wa 2015, wiki niliyokuwa najiandaa kwenda Hilliard, pale Columbus, kuposa.

"Mkwe wako ni mtu wa divai," akaniambia. "Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa shamba la kwinini karibu na Bukavu. Miaka yote ya kambi ya wakimbizi alikuwa anatusimulia: hii ya nyama, hii ya samaki. Donc, kwa hiyo usiende na kreti ya soda kama mtoto. Peleka chupa ya Kifaransa."

Mimi nilikuwa napanga maboksi ghalani Jeffersontown, huku Louisville. Kanisani kwetu Beechmont hata Meza ya Bwana ni juisi ya zabibu. Divai ningeijulia wapi? Lakini mapenzi, ndugu yangu! Nikaenda dukani, nikamwambia muuzaji nataka nyekundu ya Bordeaux, ya kumlainisha baba mkwe. Akanihubiria nusu saa: utasikia matunda meusi, tumbaku, ngozi, udongo ulionyeshewa mvua. Nikamwuliza, yaani mtu ananunua ladha ya viatu vya shambani? Akacheka, akasema inywe na nyama ya ng'ombe yenye mafuta, au mbuzi wa kuchoma. Samaki usithubutu. Njia nzima kutoka Louisville nilikariri maneno yale kama mstari wa Biblia.

Baba mdogo alikuwa ameshafika kuwa msemaji wangu. Mchumba wangu alikaa pembeni, hanitazami kwa haya. Baba mkwe akaipokea chupa kwa mikono miwili, akaisoma kwa mbali, akaisoma kwa karibu, akatikisa kichwa kama daktari. Akaimimina kwenye vikombe vya chai. Sote tukasimama bila kuambiwa, maana kwetu kinywaji chekundu kikombeni ni cha Meza ya Bwana tu. Akaomba sala ndefu mpaka miguu ikaniuma.

Ndipo chakula kikatoka jikoni. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sahani nzima ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa Tanganyika, waliosafiri kutoka Uvira ndani ya sanduku la mgeni. Mama mkwe mwenyewe hakutokea, kwa sababu kwetu mkwe na mama mkwe hawali pamoja. Moyo wangu ulianguka pu! Kukataa ndagala wa mama mkwe ni kumkataa binti yake. Kuwala na divai, nilishakanywa. Nikala. Nikanywa.

Jamani! Ulimi ulikauka kana kwamba nimetafuna ganda la ndizi mbichi, halafu ikaja ladha ya chuma chenye kutu. Nikamtazama baba mkwe. Alikuwa amefumba macho, na jicho moja lilikuwa linatoa chozi.

"Bon," akasema. "Hii ni divai ya samaki kabisa. Mzungu wangu alikuwa anaipenda hivi hivi."

"Tamu sana," akaitikia baba mdogo, mnafiki yule, na kikombe chake hakijaguswa.

Baba mkwe akanigeukia. "Na wewe, kijana, unasikia nini? Sema ukweli. Anayenidanganya mezani atamdanganya na binti yangu."

Nikisema tamu, nimedanganya. Nikisema mbaya, nimemwumbua mzee wa watu nyumbani kwake, tena kwa zawadi yangu mwenyewe. Nikamtazama mchumba wangu. Kwa mara ya kwanza siku ile naye alikuwa ananitazama.

"Msumari, papa," nikasema. "Nasikia msumari."

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Mara kicheko kikalipuka jikoni.

"Mwambie, mwanangu!" Ilikuwa sauti ya mama mkwe. "Miaka thelathini ananichosha na divai! Alikuwa anawamiminia wageni wa Mzungu tu! Hajawahi kuonja hata tone!"

Baba mkwe akakisukuma kikombe mbali, akajikuna kichwa. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kuifikiria barabara ya kurudi Louisville mikono mitupu, na aibu iliyokuwa inanisubiri kanisani.

"Msumari," akasema polepole. "Mimi nilifikiri ni meno yangu."

Akamega bugali, akachovya kwenye sombe, akatafuna mpaka akameza.

"Bon," akasema. "Siku utakayokuja kumchukua, lete soda."