Grisi ya Safari ya Arua

Grisi mpya ina harufu yake, kama mafuta ya taa yaliyolala na chuma. Vijana wa gereji yangu hapa Kabalagala wakifungua debe, mimi hutoka nje nikijifanya napiga simu. Wanadhani ni maringo ya bosi. Waache wadhani. Shule niliishia darasa la tatu, gereji nimeijenga mwenyewe, sina haja ya kujieleza kwa mtu. Nyinyi nitawaambia.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari ya jeshi pale kambi ya Mbuya. Nyumbani alikuwa na gari, foo-wili kuukuu aliyoifufua kwa vyuma vya kuokota. Mama alifundishwa kuiendesha, lakini kuitengeneza hakuruhusiwa mtu. Rais tuliyehesabiwa watu wake alikuwa amepinduliwa, na wakati ule sisi Wanubi tulikuwa tunachukuliwa na wanajeshi majumbani, na aliyechukuliwa hakurudi. Basi mchana mmoja Baba akatuita uani, akampa Mama bomba la grisi, akamwambia aingie chini ya gari. Mimi nikapewa kitambaa.

"Baba Zena, gari lako, mikono yako iko wapi?" Mama akauliza.

"Imechoka. Zena, futa kwanza hiyo chuchu ya kuingizia grisi, usiniingizie mchanga. Haya, Mama Zena, piga bomba. Mbona kama unakamua ng'ombe wa jirani?"

Tulicheka hukohuko chini. Baba alichuchumaa pembeni akituelekeza: kiungo cha propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu, kina ncha nne, grisi nyeusi itoke kote mpaka mpya ionekane. Kwenye kiungo cha nyuma ncha moja ikakataa. Mama alitaka kuiacha.

"Hapana. Sukumeni gari kidogo, propela izunguke, mjaribu tena."

Tukasukuma sisi wawili, yeye amekunja mikono. Nilimchukia. Nikajiambia, huyu mzee amekuwa mvivu, na wanajeshi watatukuta hapahapa tumejaa uchafu.

Ncha ile ilipotema grisi, Mama alipiga kigelegele. Ndipo Baba akasema, "Kesho alfajiri mnaenda Arua kwa wajomba. Mkifika Karuma, mpake tena."

"Na wewe?"

"Nakuja na basi Ijumaa."

Mama alifuta mikono kwa leso, akafuta na kufuta, hata ilipokwisha kuwa safi.

Karuma tuliingia chini ya gari wenyewe, ncha zote zikatema. Mabasi ya Ijumaa tuliyapokea mengi Arua. Baba hakushuka kutoka hata moja.

Nilielewa nikiwa na watoto wangu. Kule kazini kwake, ambako wanajeshi wapya walimbakiza kwa ajili ya ufundi wake, waliita majina kila asubuhi. Fundi akikosekana, jina lake na gari lake vinatangazwa kwenye vizuizi vyote. Baba alijua hatasafiri nasi, ndiyo maana hakushika bomba: alitaka mikono yetu ijue kazi. Asubuhi ile akaenda kusimama kwenye mstari. Sisi tulipokuwa tunapita kizuizi baada ya kizuizi, askari wakitupungia mkono, yeye kule Mbuya alikuwa anaitika jina lake.