Siku Shangazi Aliposimama Mbele ya Jaji

Hadi leo nikisikia harufu ya nguo inayopigwa pasi ya makaa, narudi mtaani kwetu Bwiza, asubuhi ile Mama alipokuwa ananyoosha gauni langu la Idi ili nilivae kwenda tribunali. Nilikuwa na miaka minane. Nilijua kwamba Mama anamwomba jaji amwondolee Baba haki zote juu yetu, mimi na dada yangu Zaituni. Kwa akili zangu nikadhani Mama akishinda nitanyang'anywa na pua, maana mtaa mzima ulisema hii pua ni ya Baba. Njia nzima niliishika.

Baba alikuwa na mke mwingine ng'ambo ya mpaka wa Gatumba. Mwaka uliotangulia alimchukua Zaituni shuleni bila kumuaga Mama, akampeleka kule akaange mandazi ya kuuza. Zaituni alirudi baada ya miezi minne, mikono imeungua hadi viwikoni. Sasa Baba alikuwa ametuma habari kwamba zamu yangu imefika, na sheria haikumzuia, kwa kuwa ni baba.

Mle mahakamani feni ilizunguka polepole, na sauti za wakubwa zilinifikia kwa mbali, kama nimezama ziwani. Nakiri nilisinzia. Nilipofumbua macho, ndugu za Baba walikuwa wamejaza benchi zima, na kati yao Shangazi Mwajuma, dada yao mkubwa. Kwetu neno la shangazi juu ya watoto wa kaka yake ni zito, ndiyo maana walimleta aseme watoto ni wa ukoo, yaishe.

Akasimama, akamtazama Baba kwa muda mrefu.

"Mi ni dada yake, tumenyonya ziwa moja," alisema taratibu. "Lakini ile mikono ya mutoto, ni mi niliipaka dawa. Apana. Musimupe."

Jaji akampa Mama haki. Nikatoka na pua yangu, na hasira. Nilimpenda Baba, niseme ukweli. Alikuwa akinibeba mabegani nikaona paa zote za Bwiza. Kwa miaka mingi nilimwamkia Shangazi kwa mdomo tu, na sambusa alizotuletea sikuzigusa, mjinga mimi.

Nilikuwa mtu mzima Mama aliponieleza yaliyofuata. Shangazi alifungiwa mlango na ndugu zake tangu siku ile. Harusi hakualikwa. Baba alipofariki hakuambiwa. Alisikia sokoni, matanga yameshaanuliwa.

Nilikwenda kwake nikiwa na aibu, nikamwuliza kama alijuta. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Katika ndugu zangu wote, ni baba yako nilikuwa napenda," alisema. "Lakini we ulikuwa na miaka minane."