Nane na Nane

Nikisikia harufu ya risasi ya kuchomelea kwa fundi redio wa Majengo, husimama kidogo, hata nikiwa nimechoka.

Nilipokuwa mtoto huko Mlali, baba alikuwa akiunda spika ya kwaya ya kanisa. Kapasita ya mikrofaradi nne, ya kulinda twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, ilikosekana Mlali nzima. Akaunga mbili za nane, moja nyuma ya nyingine.

“Hivi, nane na nane ni nne.”

“Mwalimu kasema kumi na sita, baba.”

“Mwalimu wako hajaunda spika.”

Alipotoka, nikazichomelea upya, bega kwa bega, zijumlike kama alivyosema mwalimu.

Jumapili twita iliungua katikati ya wimbo, ikabaki midundo.

“Fundi, umetuletea ngoma?” wanakwaya wakamcheka.

Baba alifungua kasha, akazitazama kapasita zilivyokaa bega kwa bega, akalifunga.

“Nilikosea hesabu,” akawaambia.

Njiani alinipa bisibisi nibebe. Spika akaibeba mwenyewe.